Nasaba, Lugha na Vinasaba: Usuli wa Waswahili Ukitazamwa kutoka Mikocheni

Mikocheni, kitongoji cha Kinondoni jijini Dar es Salaam, kimepewa jina la mikoche, miti ya jamii moja na mnazi na mtende. Mkoche ni mti wa asili ya Afrika, ilhali mnazi uliletwa na bahari na mabaharia. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulikuwa na makao yake hapo Mikocheni, na kutokana nao ikazaliwa taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo imekuwa ikichunguza vinasaba vya mimea. Mwaka 2011 Bee Gunn na wenzake walichapisha uchunguzi wa sampuli zaidi ya 1,300 za minazi ya dunia, wakaonyesha kwamba mnazi una koo kuu mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba koo hizo zimechanganyika hasa katika eneo la Bukini na Komoro. Matokeo hayo hayakumkera mtu. Pale vinasaba vinavyochunguzwa vinapokuwa vya binadamu, hali huwa nyingine kabisa.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Vinasaba ni istilahi iliyoundwa kutokana na nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki nasaba ilihesabiwa aghalabu kwa upande wa kuumeni: fulani bin fulani bin fulani, hadi kumfikia babu aliyeshuka jahazini. Tarikh ya Kilwa, ambayo ilipokewa kwa Kiarabu na pia kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, imejengwa juu ya msingi huo. Inasimulia habari za jahazi saba, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo. Masimulizi ya Kilwa yaliyohifadhiwa kwa Kiswahili yanaongeza kwamba mgeni huyo alimwoa binti wa Mrimba, mwenyeji aliyekuwa na mamlaka kisiwani. Mkwe anatajwa, lakini silsila ya watawala inaendelea kwa jina la mume.

Masimulizi hayo yamewahi kutumiwa kwa malengo yanayopingana. Katika kipindi cha ukoloni waandishi wengi waliyachukua kuwa ushahidi kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Baada ya uhuru, wanahistoria na wanaakiolojia, akiwamo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwa vyungu, chuma na mabaki ya makazi kwamba pwani ilikuwa na jamii za Kiafrika zilizoendelea kabla ya tarehe zitajwazo na tarikh. Baadhi ya wasomi wakaenda mbele zaidi, wakauona Ushirazi wote kuwa ni ngano ya kujitafutia hadhi.

Isimu ilikwisha kutoa hukumu yake mapema. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walithibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Ngeli zake, vitenzi vyake na msamiati wake wa msingi, kama vile maji, moto, nyumba na mkono, ni vya Kibantu. Maneno ya Kiajemi, kama bandari na nahodha, ni machache, na mengine huenda yalipitia lugha nyingine kabla ya kufika pwani. Maneno ya Kiarabu ni mengi mno kuliko hayo. Kwa hiyo, anayetegemea lugha peke yake angetarajia kwamba Waajemi waliacha alama ndogo, na Waarabu kubwa.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Uliandikwa na Esther Brielle, Jeffrey Fleisher, Stephanie Wynne-Jones, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao. Mifupa ilitoka katika miji sita ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, yaani Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyoko bara. Ilibainika kwamba kwa watu wengi wa pwani zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya vilivyosalia ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ilitokana na wanaume wa Uajemi, mbali na mchango wa Bara Hindi. Mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Uarabuni ikazidi kuongezeka.

Yafuatayo yanabainika iwapo ushahidi huo utasomwa pamoja na ule wa lugha. Tarikh haikusema uongo ilipomtaja Mwajemi, ila ilinyamaza kuhusu mama. Wageni waliooa pwani walizaa watoto waliolelewa katika lugha ya mama zao na wajomba zao, na ndiyo maana damu ya Kiajemi iliweza kuwa nyingi pasipo Kiajemi kuwa lugha ya miji. Kiarabu nacho kiliingia zaidi kwa njia ya dini, elimu, biashara na utawala; njia hizo hupitisha maneno hata pasipo ndoa. Lugha na damu, kwa hiyo, husafiri kwa vyombo tofauti, na haifai kukifanya kimoja kuwa shahidi wa kingine.

Hata hivyo, mipaka ya uchunguzi huo haina budi kukumbukwa. Makaburi mengi yaliyochimbwa yalikuwa ya watu wenye hadhi. Wavuvi, wakulima na watumwa hawakuwakilishwa ipasavyo. Kadhalika, kipimo kinachouzwa na kampuni ya biashara humlinganisha mteja na watu wa leo waliomo katika hazina ya kampuni hiyo. Asilimia anazoletewa ni makadirio, wala si cheti cha ukoo. Tena kinasaba cha mtu mmoja hufichua pia habari za nduguze ambao hawakuulizwa. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na mahitaji yake yamezidi kuonekana tangu wakati huo.

Mikocheni ya leo inakaliwa na watu kutoka kila mkoa. Mtoto wa mama Mhaya na baba Mmakonde hukua hapo akizungumza Kiswahili, na pengine hajui lugha ya upande wowote. Iwapo mtafiti wa karne zijazo atachunguza mifupa yake, ataona Kagera na Mtwara. Lugha aliyoiota ndotoni hataiona. Mtoto wa Kilwa ya mwaka 1300 alikuwa katika hali hiyohiyo. Kumwita mgeni kwa sababu ya baba, au kumkana baba ili athibitishwe kuwa mwenyeji, ni kumnyima nusu ya wazazi wake. Mababu wa Waswahili walitoka pande nyingi, na lugha waliyokubaliana kuizungumza ilikuwa ya hapa.