Vitabu Vilibadilika, Swali Likabaki: Historia ya Kusoma na Kuandika kuhusu Fasihi ya Kiingereza katika Shule za Sekondari za Kenya na Tanzania

Ikisiri

Historia ya ufundishaji wa fasihi ya Kiingereza katika shule za sekondari za Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kama historia ya vitabu: Shakespeare alisogezwa kando, Achebe na Ngũgĩ wakaingia. Makala haya yanadai kuwa simulizi hiyo ni nusu ya ukweli. Orodha ya vitabu ilibadilika, lakini aina ya swali la mtihani, na hivyo aina ya usomaji uliolelewa na swali hilo, ilidumu. Hatimaye swali hilo lilihamia katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua wanafunzi wa zamani walifunzwa nini huanza na vitabu teule. Hilo si kosa, kwani vitabu ndivyo vilivyozua mjadala mkali zaidi tangu uhuru. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari hakusoma kitabu peke yake. Alikisoma akitazamia swali. Swali ndilo lililomwelekeza asome nini kwa makini, aruke nini, na aandike vipi kuhusu alichokisoma. Makala haya yanafuatilia swali hilo tangu enzi za ukoloni hadi kwenye mtihani wa KCSE nchini Kenya, na yanaigusa Tanzania pale njia za nchi hizi mbili zilipoachana.

2.0 Cheti cha Cambridge na Usomaji Wake

Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Huko Tanganyika, shule ya serikali ya Tabora ilikuwa na nafasi kama hiyo ya kuandaa wasomi wachache. Katika shule za aina hii, masomo ya sekondari yaliishia katika mtihani uliotungwa Cambridge, na karatasi za majibu zilisafirishwa Uingereza kusahihishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kati ya 1955 na 1958, ameeleza jinsi Kiingereza kilivyokuwa kipimo kikuu: aliyeanguka somo hilo alikosa cheti, hata kama alifanya vyema katika masomo mengine.

Mtihani huo ulitenganisha lugha na fasihi. Kwa upande wa lugha, mtahiniwa aliandika insha, akajibu maswali ya ufahamu na kufupisha kifungu. Kwa upande wa fasihi, alisoma vitabu vichache vilivyoteuliwa, aghalabu tamthilia ya Shakespeare ikiwa miongoni mwavyo. Swali mashuhuri katika karatasi hiyo ya fasihi lilikuwa la dondoo: mtahiniwa alipewa mistari michache, akatakiwa aeleze nani anasema, anamwambia nani, katika tukio gani, na maneno fulani yana maana gani.

Swali la namna hiyo lilifaa mfumo ambao msahihishaji aliketi mbali na mtahiniwa. Jibu lake lilisahihishika kwa namna moja, awe ametoka Kikuyu au Colombo. Lilithibitisha pia kuwa mwanafunzi alikuwa amekifungua kitabu. Lakini halikumtaka aseme kitabu hicho kina uzito gani kwake, wala kwa jamii yake.

Haifai kudai kuwa wanafunzi wote walisoma kwa kufuata mipaka ya swali hilo. Wakati Edward Carey Francis alipokuwa mkuu wa Alliance (1940–1962), kuigiza Shakespeare kulikuwa desturi ya shule, na aliyeigiza aliijua tamthilia kwa sikio na kwa mwili, si kwa dondoo tu. Mfano mkubwa zaidi ni wa Julius Nyerere, aliyepitia Tabora na Makerere. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilichapishwa mwaka 1963. Mwaka 1969 ilitoka tena ikiwa imerekebishwa, na mwaka huohuo ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Kutafsiri ni usomaji ambao mtihani haukuuomba kamwe. Mtahiniwa alitakiwa kumtambua msemaji. Mfasiri alilazimika kuamua msemaji huyo angesema nini kama Kiswahili kingekuwa lugha yake, na kuubeba uamuzi huo mstari hadi mstari.

3.0 Waraka wa 1968 na Mkutano wa 1974

Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe. Hoja yao haikuwa kwamba fasihi ya Uingereza isisomwe. Walikataa iwe kitovu ambacho fasihi ya Afrika ingepimwa kwacho. Walitaka Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ipewe hadhi yake, na Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zinazosomwa na wanafunzi wa idara mpya.

Mabadiliko ya chuo kikuu yalihitaji kufika shuleni. Mnamo Septemba 1974, walimu wa fasihi na Kiingereza wa sekondari walikutana katika shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Kufikia wakati huo vitabu vilikuwepo. *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe ilikuwa imechapishwa mwaka 1958, na tangu 1962 mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann ulikuwa ukitoa matoleo ya bei nafuu. *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ ilitoka mwaka 1964. Kwa hiyo madai ya kubadili orodha yalitekelezeka, na polepole yakatekelezwa.

Umiliki wa mtihani nao ulihama. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973. Kenya ikaunda lake mwaka 1980. Mtunzi wa swali sasa alikuwa mwenyeji. Hata hivyo, kumpata mtunzi mwenyeji hakukuleta swali jipya. Okonkwo aliingia mahali pa Brutus, na mtahiniwa akaendelea kuulizwa nani anasema na kwa nini.

4.0 Njia Mbili

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa kwanza wa KCSE ulifanyika mwaka 1989, Kenya ilikuja kuunganisha lugha ya Kiingereza na fasihi yake kuwa somo moja. Kiswahili nacho kikawa somo la lazima, na fasihi ikapewa karatasi yake. Humo swali la dondoo limekita mizizi: "Eleza muktadha wa dondoo hili" ni agizo linalofahamika na kila mwanafunzi wa Kenya, naye amefunzwa kugawanya jibu katika msemaji, msemewa, mahali na sababu, kila kimoja kikiwa na alama yake. Hata fasihi simulizi, iliyopiganiwa mwaka 1968 kwa sababu ya uhai wake mbele ya hadhira, huulizwa kwa maandishi, na hadhira yake pekee ni msahihishaji.

Tanzania ilikabili tatizo lililotangulia fasihi. Baada ya 1967 elimu ya msingi ilitolewa kwa Kiswahili, lakini sekondari ilibaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ulionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Jawabu lililochaguliwa lilikuwa mradi wa kukiimarisha Kiingereza, ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza na kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Hapa mwanafunzi alipewa kitabu ili ajifunze lugha kwanza. Kukijadili kama fasihi kukawa jambo la baadaye.

5.0 Hitimisho

Ukoloni uliacha Afrika Mashariki vitabu, lugha na swali. Vitabu vilijadiliwa hadharani na kubadilishwa. Lugha imejadiliwa mara nyingi na kwa kiasi kikubwa haijabadilishwa. Swali halikujadiliwa vya kutosha kwa sababu lilionekana kuwa chombo tu, kisicho na upande. Matokeo yake yanaonekana katika miongozo inayouzwa kando ya kila kitabu teule: ikiwa alama zinatolewa kwa kumtaja msemaji na mahali, mwongozo unatosha, na riwaya yenyewe inakuwa mzigo. Watafiti wa fasihi ya Kiswahili hawana budi kuzisoma karatasi za mitihani ya zamani kwa uzito uleule wanaozisomea riwaya, kwa sababu humo ndimo ilimoandikwa historia ya jinsi vizazi vya wasomaji wetu vilivyofunzwa kusoma.