Kipkelion tulikuwa na abasia

Ukipanda matatu ya Kericho hapa Nakuru, ukishapita Mau Summit na Londiani, unafika upande wa Kipkelion. Wengi huwa tumelala tukipita hapo. Sasa sikia: mwaka 1956, wakati mahali hapo bado paliitwa Lumbwa, watawa Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha abasia pale. Ndio, wale wale ambao nyumba yao ya kwao hupika bia ya La Trappe. Si utani.

Watrapisti hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6. Wanasali, wanalima, wanaongea kidogo. Kuna mambo mawili kwenye hiyo Kanuni ambayo yalinishika. Moja, mtawa anaapa kukaa na jumuiya yake hadi kifo. Si mtu wa kuhamahama. Pili, mgeni akibisha hodi, unampokea kama vile ni Kristo mwenyewe.

Hapo ndipo Januari 2008 inaingia. Sisi watu wa Rhonda hatuhitaji kuelezwa sana. Huku Nakuru watu walikimbilia Afraha na uwanja wa maonyesho. Kule Kipkelion walikimbilia kwa watawa, na watawa wakafungua geti. Halafu, mwaka huo huo, watawa wenyewe wakahamia Uganda. Watu walioapa kutobanduka!

Linganisha na Monte Cassino, abasia ambayo Benedikto mwenyewe aliijenga karibu mwaka 529. Hiyo nyumba imeona mambo. Walombardi waliiharibu, 883 Waarabu wakaichoma, 1349 tetemeko likaiangusha. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani zikaipiga mabomu, zikidhani Wajerumani wamejificha ndani. Waliokufa mle walikuwa raia waliokimbilia hapo kujificha. Wajerumani waliingia baadaye, kwenye vifusi. Lakini Waitalia waliijenga upya palepale, kwa ramani ileile, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaenda kuibariki. Miaka 20 tu.

Kwetu hakuna ndege iliyodondosha bomu. Ni majirani. Na naona hiyo ndiyo ngumu zaidi kukarabati, kwa sababu ukuta unaweza kuita fundi, akaja na simiti na mawe. Jirani aliyekuogopesha utamkarabati na nini? Shuleni nilikariri Vasco da Gama mpaka nikachoka. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia Kipkelion, na ni huku kwetu tu, barabara moja.

Juzi nilimuuliza mathe kama alijua stori ya wale watawa. Yeye alikuwa hapa Rhonda Januari hiyo. Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua sukuma. Akasema siku zile hakuna aliyeuliza nani amehama. Uliuliza tu leo tunalala wapi.