Kutunza Meno na Wakati wa Kwenda kwa Daktari wa Meno: Hukumu na Maelezo kwa Familia

 

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani hutufikia maswali ya aina moja. Je, dawa ya meno inabatilisha funga? Je, inajuzu kung'oa jino mchana wa Ramadhani? Je, aliyezibwa jino josho lake la janaba linasihi? Tumeona tuyakusanye majibu pahala pamoja, na tuongeze yale ambayo muulizaji huwa hakuyauliza lakini ndiyo yenye kumdhuru zaidi. Mara nyingi anayetuuliza hukumu ya kung'oa jino huwa ameshakaa nalo miezi, analala upande mmoja na kutafuna upande mmoja.

Sunna ya msuwaki

Neno msuwaki, ambalo sisi tunalitumia hata kwa brashi ya plastiki, limetokana na neno la Kiarabu siwaki. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba lau si kuchelea kuutia uzito umma wake, angeliwaamrisha kupiga msuwaki kwa kila Sala. Na Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba katika saa za mwisho za uhai wake Mtume (S.A.W.) alimuona Abdurrahman bin Abi Bakr ana msuwaki, akautazama, na Bi Aisha akaulainisha akampa akautumia. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wametilia mkazo msuwaki wakati wa kutawadha, wakati wa kusimama katika Sala, mtu anapoamka usingizini, anapotaka kusoma Qur'ani na kila harufu ya kinywa inapobadilika.

Kijiti cha mti wa araki ni kizuri na kina thawabu ya sunna, lakini lazima kitumike sawasawa. Nyuzi zilizotumika zikatwe kila siku, na kisisuguliwe kwa nguvu mbele na nyuma kama anayekata ubao, maana ufizi hurudi nyuma na mzizi wa jino ukabaki wazi. Tena kijiti kwa kawaida hakifiki vyema upande wa ndani wa magego, na huko uozo huweza kuanzia. Kwa hiyo tunanasihi kuviunganisha: kijiti kwa ajili ya Sala na nyakati zilizotajwa, na brashi yenye nyuzi laini pamoja na dawa ya meno yenye floridi mara mbili kwa siku. Mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, na baada yake usile kitu. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayoyalinda meno. Ukimaliza, tema povu wala usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno.

Uozo wenyewe hautokani na mdudu kama wanavyosema wazee wetu. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula sukari tunayoila na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolitoboa jino. Linalodhuru zaidi ni idadi ya mara tunazoila sukari hiyo kuliko wingi wake kwa mara moja. Mtoto anayekula kipande cha haluwa baada ya chakula kisha akapiga msuwaki ana salama kuliko anayemumunya ubuyu wa rangi kutoka adhuhuri mpaka magharibi. Ubuyu huo, ukwaju, embe mbichi na urojo vina uchachu pia, na uchachu hulainisha uso wa jino. Mtu akishavila asubiri kama nusu saa ndipo apige msuwaki. Na katika Ramadhani, baina ya futari na daku, sisi watu wa visiwani huwa tunapokezana tende, kaimati, tambi za sukari na chai bila ya kituo. Hatusemi watu waache kaimati. Tunasema watu wasilale nazo mdomoni.

Watoto

Wazazi wengi husema meno ya utoto yataanguka tu, hivyo yakioza si kitu. Meno hayo 20 ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani, na jino la mtoto likifanya usaha linaweza kuliharibu lile linalokua chini yake. Mtoto anayelala na chupa yenye chai ya sukari au juisi meno yake ya mbele ya juu huoza hata kabla hajafika miaka mitatu. Chupa ya usiku na iwe na maji matupu.

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto akifika miaka sita hivi, umri ule ule tunaompeleka skuli na chuoni, huota gego la kwanza la kudumu nyuma kabisa ya meno ya utoto. Gego hilo halitanguliwi na jino lolote kuanguka, basi mzazi hudhani ni la utoto na hulipuuza. Likioza ndilo limekwenda, halina badala. Chungulia kinywa cha mwanao.

Mpigishe msuwaki tangu jino la kwanza linapotoka. Chini ya miaka mitatu dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Msimamie mpaka afike miaka saba au minane, kwani kabla ya hapo mkono wake haujaweza kazi hiyo peke yake. Na daktari amtazame kwa mara ya kwanza anapotimiza mwaka.

Kuhusu kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, ambacho kimeenea sehemu mbalimbali za Tanzania, na Uganda pia chini ya jina jingine: mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha hupelekwa kwa mtu akampasua ufizi na kutoa kitu cheupe, akasema ndicho chenye maradhi. Kitu hicho ni chembe ya jino lenyewe ambalo halijaota. Homa yake ni ya maradhi mengine ambayo hayakutibiwa, na juu yake ameongezewa kidonda, damu na hatari ya uchafu kuingia mwilini, na wapo watoto waliokufa kwa jambo hili. Kufanya hivyo ni haramu, kwani kumdhuru mtoto asiye na kosa hakujuzu, na mzazi ameamrishwa kumpeleka kwa ajuaye. Mtoto mwenye homa na kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa vituo vya afya, na apelekwe spitali.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Kujitibu ni jambo lililoamrishwa. Amepokea Usama bin Sharik (R.A.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, akawaelekeza wajitibu, akabainisha kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hiyo kuvumilia jino bovu mpaka uso uvimbe hakuhesabiwi katika subira.

Nenda kwa daktari wa meno ukiona jino linauma kwa kitu baridi au tamu na maumivu yakabaki baada ya kumeza. Hapo huenda bado laweza kuokolewa. Nenda ukiamshwa usiku na maumivu. Nenda ukiona ufizi unatoka damu kila ukipiga msuwaki na hali hiyo ikapita wiki mbili, au jino la mtu mzima linalegea. Mwenye kisukari asingoje hata hizo wiki mbili, kwa sababu sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiharibika sukari nayo huwa ngumu kutulia.

Na tunasisitiza hili: jino lililokuwa likiuma vibaya kisha likanyamaza lenyewe, halikupona. Mara nyingi mshipa wa ndani umekufa, na usaha unajikusanya kimya kimya kwenye mzizi. Watu husema limepoa, wakaendelea na shughuli zao.

Zipo dalili ambazo si za kungoja asubuhi: uvimbe unaopanda kuelekea jicho, au unaoshuka chini ya taya na shingoni, kushindwa kufunua kinywa, kushindwa kumeza mate, homa pamoja na uvimbe, pumzi kuwa nzito. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na mtu mzima mwenye nguvu zake akafa kwa jino. Aliyepatwa na haya apelekwe spitali kubwa saa ile ile, iwe ni usiku wa manane. Walioko Tumbatu, Kojani na visiwa vingine vidogo watafute chombo usiku huo huo, na anayeombwa chombo chake asikizuie.

Watafunaji wa tambuu na tumbaku wana hukumu yao. Popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, imethibitika kusababisha saratani ya kinywa. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jeupe au jekundu shavuni, au kinywa kinachozidi kuwa kigumu kufunuka, vyote vioneshwe kwa daktari hata kama haviumi. Saratani ya mwanzo mara nyingi haiumi.

Ama karafuu yetu, ni kweli inatuliza. Mafuta yake yana kitu kinachotia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe hukitumia katika baadhi ya dawa zao za kuzibia. Lakini mafuta yasiyochanganywa huunguza ufizi, na mtoto akiyameza ni hatari. Weka karafuu nzima kando ya jino usiku, asubuhi nenda spitali. Usiweke aspirini juu ya ufizi, inauchoma. Wala usinunue antibayotiki vidonge vinne dukani: usaha hautoki kwa vidonge, hutoka kwa kutibiwa jino lenyewe. Na tetrasaiklini asipewe mjamzito wala mtoto mdogo, kwa sababu huyatia meno ya mtoto rangi isiyotoka.

Jino la ukubwani likiruka kwa kuanguka au mpirani, lishikwe kwa kichwa chake, lisishikwe mzizini wala lisisuguliwe. Lisuuzwe kidogo kwa maziwa, lirejeshwe mahali pake au litiwe ndani ya maziwa, na mtu akimbilie kwa daktari kabla ya saa moja kupita. Laweza kushika tena. La utoto halirejeshwi.

Masuala ya fiqhi

Kupiga msuwaki kwa aliyefunga kunajuzu. Mashuhuri katika madhehebu ya Shafi ni kuwa kunachukiza baada ya jua kupinduka, na wapo maulamaa wa madhehebu hayo hayo walioona hakuna karaha. Wengine huacha msuwaki mwezi mzima kwa kuitegemea hadithi ya harufu ya kinywa cha mfungaji kuwa nzuri mbele ya Allah kuliko miski. Harufu iliyokusudiwa ni ile inayotokana na tumbo tupu, wala si mabaki ya daku kwenye magego. Dawa ya meno haibatilishi maadamu haikumezwa, lakini lililo salama ni kuitumia baada ya daku na kabla ya kulala, na mchana kutosheka na kijiti.

Kuhusu matibabu mchana wa Ramadhani, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi, Jiddah, mwaka 1997, ilipitisha kwamba kuchimba jino, kuling'oa na kusafisha meno hakubatilishi funga, kwa sharti mtu ajiepushe na kumeza kinachofika kooni. Sindano ya ganzi pia haibatilishi kwani si chakula. Hata hivyo sisi tunanasihi kung'oa jino kuwe baada ya futari ikiwezekana, kwa sababu ya kitabibu. Aliyeng'olewa anatakiwa aume pamba kiasi cha nusu saa, na kwa siku nzima asiteme kwa nguvu wala asisukutue, ili damu iliyoganda isitoke kwenye shimo. Ikitoka huja maumivu makali zaidi ya jino lenyewe. Mfungaji naye anaogopa kumeza damu, hivyo hutema kila dakika, na akajiletea yale yale. Ikiwa maumivu hayastahamiliki, ni mgonjwa, na aya ya 185 ya Suratul-Baqara imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine.

Katika kutawadha siku hiyo aache kusukutua. Kwetu sisi kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, hivyo udhu wake ni sahihi. Damu ya kinywa haitengui udhu katika madhehebu yetu, ila ni najisi na isimezwe kwa kusudi. Inayoendelea kuvuja bila ya mtu kuweza kuizuia imesamehewa.

Jino lililozibwa haliharibu josho, kwa hoja hiyo hiyo ya kusukutua kuwa sunna, na hata kwa wanaowajibisha, mwenye kuzibwa ana udhuru. Jino la dhahabu kwa mwanamume linajuzu kwa haja, kwa dalili ya Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatika pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Kufunika jino zima kwa dhahabu ili ang'are, hapana. Vile vile kuchonga meno ili kuyaachanisha kwa ajili ya urembo kumekatazwa, lakini vyuma vya kunyoosha meno yaliyopandana hadi kutafuna kukawa taabu ni matibabu.

Mwanamke atangulize daktari mwanamke akipatikana. Asipopatikana, atibiwe na mwanamume akiwepo mahram wake au muuguzi mwanamke, wala asikae na usaha kwa sababu hiyo. Mjamzito anaruhusika kutibiwa meno, na miezi ya kati ndiyo myepesi kwake. Amwambie daktari kuwa ana mimba. Na amwambie pia kila mwenye maradhi ya moyo, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kabla ya sindano, si baada yake.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.