Mchoro Kwanza, Waya Baadaye

Ukitaja historia ya nchi yetu watu watakukumbusha Vita vya Majimaji, Uhuru, Azimio la Arusha na Vita vya Kagera. Ni haki yao, hayo ni mambo mazito. Lakini hivi nani amewahi kuandika historia ya fundi redio? Mimi nimemaliza kidato cha nne, ndoto yangu ni kuandika riwaya, na katika miaka yote ya shule nilifundishwa habari za mkonge na reli ya Mjerumani bila kusikia hata sentensi moja juu ya wale wazee waliokaa barazani na mita mkononi, wakifufua redio zilizokufa. Kumbe bila wao nusu ya historia hiyo nyingine isingesikika kijijini.

Naandika kutoka Kongowe. Ni Kongowe ya Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro ukishapita Maili Moja, siyo ile ya Mbagala. Hoja yangu ni moja. Siku hizi vijana wengi tunadhani kwamba kubuni vifaa vya umeme mdogo na kompyuta kwa ajili ya nyumba au gari ni mchezo ulioletwa juzi na intaneti. La hasha! Kazi hiyo ina wazee wake hapa hapa, na jambo kubwa walilotuachia ni tabia ya kupanga kwenye karatasi kabla ya kugusa waya.

Tuanze na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado ametukalia. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali huru ikalivunja na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilikuwa za valvu, yaani zile taa za kioo zinazowaka ndani. Zilikuwa nzito, zikila umeme kama mashine ya kusaga ilavyo mahindi. Mwaka 1949 jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, waliletewa redio ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special, ikauzwa pauni 5. Hata hiyo ilikuwa ya valvu na ilitaka betri kubwa ya peke yake.

Kilichobadili mambo ni transista, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947. Mwaka 1954 ikatoka redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, nayo iliingia mfukoni. Kufikia miaka ya 1960 mkulima wa korosho aliweza kuning'iniza redio kwenye mpini wa baiskeli. Katikati ya miaka hiyo Wajapani wa Matsushita wakajenga kiwanda Dar es Salaam, wakatengeneza betri na redio za National. Arusha nako Philips wakaunganisha redio. Basi redio ikawa mali ya mtu wa kawaida, ila betri ikabaki kuwa gharama. Nani kati yetu hajasikia habari za betri kuanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari? Watu hucheka, lakini joto kweli huzindua kemikali za ndani kwa muda mfupi. Ule ulikuwa utafiti, bwana, hata kama hakuna aliyeuandika.

Mwaka 1973 redio ilifanya kazi ambayo dunia ilikuja kuisoma. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakafundishwa kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Sasa fikiri, msomaji. Kikundi kimekaa chini ya mwembe, saa ya kipindi imefika, redio kimya. Hakuna duka la vipuri wala gari la kwenda mjini. Anaitwa nani? Anaitwa fundi. Naye hana kipuri kipya. Ana sanduku la redio tatu zilizokufa, na kutoka humo lazima aitoe moja iliyo hai.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Mtu mwenye duka la vipuri mlangoni anaweza kujaribu hovyo, maana akiunguza transista atanunua nyingine. Mwenye transista moja tu hawezi. Atakaa, atachora saketi, atahesabu, atafikiri. Uhaba huo ndio uliokuwa chuo cha mafundi wetu.

Wakati huo huo Serikali ilikuwa na kisa chake na mashine kubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500 ya Uingereza, na kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mambo hayakwenda vizuri. Wataalamu walikuwa wageni, mipango ilikuwa hafifu, na hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika. Fedha za kigeni nazo zilikuwa zimekauka baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Basi mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Huku Bara tukabaki na redio, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wameanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970.

Sasa linganisha tarehe. Januari 1975, miezi michache tu baada ya amri ile, jarida moja la Marekani lilichapisha habari za Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande kwa bei ya chini ya dola 400 ili mnunuzi ajiunganishie mwenyewe nyumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, haitoshi hata kuhifadhi aya hii moja ya makala haya. Machi mwaka huo huo wapenzi wa vifaa hivyo walikutana gerejini huko California wakaunda klabu, na kutoka klabu hiyo mwaka 1976 ikazaliwa Apple. Vijana wa kule walikuwa wanaichukua kompyuta kutoka ofisi za wakubwa na kuileta mezani kwao, na sisi mwaka ule ule tulikuwa tunaifungia mlango.

Sisemi haya ili kuwasimanga wazee wetu. Nchi maskini iliyopata hasara ina haki ya kujihami, na shilingi iliyookolewa ilinunua dawa na madaftari. Lakini ile amri ilikuwa na upofu mmoja. Ilihesabu kompyuta kuwa kitu cha kununuliwa na wizara tu. Haikumwona yule fundi wa barazani aliyekwisha kuwa na nusu ya elimu hiyo kichwani. Marufuku ilianza kulegea miaka ya 1980 kwa njia ya vibali, na miaka ya 1990 ikafikia tamati. Kati ya hapo, kizazi kizima cha mafundi kilizeeka bila kuigusa kompyuta.

Wakati huo Kibaha haikulala. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa na nchi za Nordiki mwaka 1963 na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970, lilikuwa linasomesha. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania. Na hapa jirani yetu, Nyumbu, likaanzishwa rasmi mwaka 1985 shirika la teknolojia ya magari lililojaribu jambo la kijasiri, yaani kubuni lori la Kitanzania. Mtu aliyekulia njia hii aliona magari yakiunganishwa kabla hajaona kompyuta. Ndiyo maana mafundi wengi wa huku waliingia kwenye umeme kwa mlango wa gari. Walianzia kwenye dainamo, kisha rilei, taa na honi.

Mwaka 1984 milango ya biashara ikafunguliwa kidogo, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na enzi za Mzee Ruksa zikashika kasi. Kisha mwaka 1994 vituo vya ITV na CTN vikaanza kuonekana Dar es Salaam. Lo! Kila aliyeweza alitafuta televisheni, mara nyingi ile ya chogo ya nyeusi na nyeupe. Lakini umeme wa gridi haukuwa umefika kila nyumba, na ulikofika ulikuwa wa mgao. Jibu likawa betri ya gari, volti 12, iliyobebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa. Hapo nyumba na gari vikawa kitu kimoja machoni pa fundi.

Nilimfahamu mmoja wa mafundi hao akiwa tayari mzee sana. Jina lake sitalitaja, familia yake ipo. Alikuwa na daftari la kurasa za mistari, limefungwa kwa mpira wa tairi, na kila kazi aliyofanya aliichora humo kwanza. Siku moja nilimwuliza, "Babu, kwa nini unachora wakati kazi unaijua?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Mjukuu wangu, karatasi ikiungua nanunua kwa senti. Betri ya mwenyewe ikiungua nanunua kwa nini?"

Katika daftari lile kila mpango ulianza kwa maswali yale yale. Kifaa kitafanya nini? Kitakula kiasi gani? Chakula hicho kitatoka wapi, na kwa saa ngapi? Nina nini sandukuni? Kikiharibika, kitaharibu nini kingine?

Tazama hesabu yake ya televisheni. Televisheni ya chogo inakula kama wati 18, yaani ampea 1.5 kwa volti 12. Betri ni ya ampea-saa 50, lakini usiitumie yote, ukiikausha inakufa. Chukua nusu, 25. Gawa kwa 1.5, unapata saa 16 na ushee. Ukitazama saa 4 kila jioni, siku ya tano ipeleke kuchajiwa. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: fyuzi karibu na betri, siyo karibu na televisheni. Maana waya ukigusana katikati, fyuzi iliyo mbali haiokoi kitu, nyumba inaungua.

Na ukurasa wa gari nao una hekima yake. King'ora kinachokula robo ya ampea usiku na mchana kinamaliza ampea-saa 6 kwa siku. Liache gari siku nne, nusu ya betri ile ile ya 50 imekwenda. Tena kaonya kwamba gari si volti 12 kamili. Injini ikiwaka hupanda hadi 14 na zaidi, na mshtuko wa ghafla huua kifaa kisicho na kinga. Leo ukisoma maelekezo ya mtu yeyote anayefunga kompyuta ndogo kwenye gari, utakuta ndiyo hayo hayo.

Mzee alipofariki, sanduku lake lilipelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kupimwa kwa kilo. Transista, koili, vipaza sauti, miaka arobaini ya kukusanya, vyote vikawa uzito tu kwenye mizani. Daftari halikuwa na bei kwa sababu halina shaba ndani yake. Niliomba nipewe, nikapewa.

Nami sasa nina mpango wangu, nimeuchora nyuma ya daftari lile lile, kwenye kurasa alizobakiza. Nataka mashine ya kuandikia riwaya isiyojali kukatika kwa umeme. Moyo wake ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, ukubwa wake kama kitambulisho. Inataka volti 5, kwa hiyo kati yake na betri nitaweka kifaa cha kushusha volti. Pamoja na kioo kidogo cha volti 12, vyote vitakula kama wati 25, tuseme ampea 2. Betri iliyotumika kwenye kirikuu ya kaka yangu, nikiipima na kuikuta bado ina ampea-saa 50, itanipa saa 12 za kuandika. Baadaye nitaongeza paneli ya sola. Kirikuu yenyewe nimeipangia taa za nyuma za kushushia mizigo usiku, zenye swichi inayojizima dereva akisahau. Sandukuni nina waya, fyuzi mbili na swichi. Vingine nanunua kimoja kimoja, na hakuna ninachonunua kabla hakijapata nafasi yake kwenye mchoro.

Marufuku ya mwaka 1974 imekwisha siku nyingi. Duka la vipuri leo liko kwenye simu, na mchoro wowote wa dunia unaupata kwa bando la shilingi chache. Lakini tumejiwekea marufuku nyingine wenyewe, ile ya kufikiri kwamba kifaa ni cha kununua tu, kikiharibika kitupwe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tuiname, vijana. Katika kijiji chako yupo fundi mzee mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Mwendee wiki hii, umpe shikamoo, umwombe ulinakili. Kalamu unayo, na mizani ya vyuma chakavu haiko mbali.