Kisarawe, mserereko na boila la Ulaya

Nilipotea kidogo, dawati la habari lilinibana. Leo nataka tuzungumze mabomba. Usikimbie kwanza, historia imo humo humo.

Juzi jamaa niliyesoma naye Mlimani, sasa yuko Leeds anaongeza shule, alinipigia analalamika baridi. Amepanga kwenye nyumba ya zamani. Kila chumba kina rejeta la chuma kizito, na mabomba yake ni manene kama mkono. Mfumo ule ulijengwa enzi ambazo pampu hazikuwepo. Boila linakaa chini, maji yakipata moto yanakuwa mepesi na kupanda yenyewe, yakipoa yanakuwa mazito na kushuka. Mzunguko mzima ni mserereko mtupu. Ndiyo maana mabomba ni manene: nguvu yenyewe ni ndogo, ukiyabana hayaendi.

Mwenye nyumba kaamua kufunga boila la kisasa, lile linalopoza moshi wake hadi mvuke uliomo ugeuke maji, ili joto ambalo zamani lilipotelea angani lirudi ndani. Uingereza na Wales maboila ya aina hii yalianza kuwa sharti la jumla Aprili 2005. Lakini njia zake za maji ni nyembamba na linataka pampu. Pia linataka maji yanayorudi yawe yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi, la sivyo faida yake haipatikani. Sasa ukiliunga moja kwa moja kwenye chuma kikuukuu, tope jeusi la kutu lililolala humo miaka yote linaamka na kwenda kuziba boila. Na viungo vilivyozoea maji ya tangi dogo la darini vinaanza kuvuja vikikutana na presha. Kwa hiyo mafundi wasafishe mfumo kwanza na kufunga chujio lenye sumaku, au watenganishe kabisa: maji ya boila yapite upande mmoja wa bamba la chuma, ya marejeta upande wa pili, wapeane joto bila kuchanganyika.

Nikacheka. Jamaa akadhani namcheka yeye. Kumbe nilikuwa nakumbuka nyumbani kwetu Kisarawe.

Kisarawe si mji wa jana. Wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani walifungua kituo hapo 1892. Chuo cha Waanglikana cha Kiungani, Zanzibar, kilihamishiwa Minaki 1925. Ni mji wa kilimani, zaidi ya meta 200 juu ya bahari, na usiku ukiangalia mashariki unaona taa za Dar zimetandazwa chini yako. Hapo ndipo penye kisa.

Mfumo wa maji wa Dar ulijengwa kwa akili ile ile ya mserereko. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulianza 1959. Maji yanasukumwa hadi matangi ya Kimara, halafu kutoka hapo mteremko unafanya kazi. Ruvu Chini ikafuata 1976. Kwa mhandisi ni hesabu safi: sukuma mara moja, kisha acha yashuke. Ila hesabu hiyo ina sharti moja, mnywaji awe chini ya tangi. Kisarawe iko juu ya Kimara. Hakuna aliyehitaji kutuchukia ili tukose maji, kanuni ya fizikia ilitosha. Mto Ruvu unapita mkoani kwetu Pwani, maji yake yanakwenda Dar, sisi tunasubiri boza na madumu. Nimesoma shule ya msingi nikiwa na dumu la lita tano mkononi kila asubuhi.

Dawa ilikuwa kuukataa mserereko kwa nguvu. DAWASA walichepusha maji ya Ruvu Juu pale Kibamba, wakaweka pampu za kuyapandisha mlimani hadi kwenye tangi la lita milioni 6. Mradi uligharimu shilingi bilioni 10.6, na Rais Magufuli aliuzindua tarehe 28 Juni 2020.

Siku tuliyounganishiwa, baba aliita fundi wa mtaani. Nyumba yetu ina mabomba ya chuma yaliyofungwa kabla sijazaliwa, na miaka yote yalilishwa na simtanki iliyokaa juu ya kinara cha meta tatu. Kila meta kumi za kimo ni kama bar moja, kwa hiyo mabomba yale yalijua theluthi ya bar tu. Fundi akaunga bomba jipya moja kwa moja. Sisi tuko bondeni, chini kabisa ya tangi la mji. Koki ya jikoni ilitema kutu nyekundu kama chai ya rangi, tukashangilia. Usiku kiungo cha ukutani kikaachia. Mama ndiye aliyeamka wa kwanza, akakuta sebule inaelea.

Kesho yake baba akamwita mzee mmoja, fundi bomba wa siku nyingi. Alizunguka nyumba, akagonga mabomba kwa spana, akasikiliza.

"Mwanangu," akaniambia, "haya yameshazeeka. Usiyapigishe mbio."

Akakata muungano. Bomba jipya akalipandisha hadi kwenye simtanki ile ile tuliyotaka kuiuza, akafunga na boya la kuzuia yasifurike, nyumba ikarudi kunywa kwa mserereko. Presha ya mji inaishia kwenye boya. Bamba la kule Leeds na boya letu, wazo ni moja.

Nilimsimulia jamaa yangu, akauliza kama mzee yule ana pasipoti.

Kitu kimoja sikumwambia, kwa sababu simu ilikatika. Maji yakishafika Kisarawe, mengine yanaachiwa yashuke kwa mserereko kwenda Pugu na Gongo la Mboto. Siku hizi sisi ndio tangi la darini.