Nipe Nikupe ya Viungo: Historia ya Orodha ya Pembeni mwa Blogu

Kubadilishana viungo ni makubaliano ya watu wawili wenye kurasa za intaneti: weka jina la ukurasa wangu kwako, nami nitaweka lako kwangu, ili msomaji akibofya afike upande wa pili. Kwenye blogu makubaliano hayo yalipewa mahali pake, safu nyembamba kando ya makala, ambamo mwenye blogu aliwapanga wenzake jina kwa jina. Kwa miaka kama kumi safu hiyo ndiyo iliyomwambia mgeni mwandishi huyu ni wa kundi gani, anasoma nini na anaheshimiwa na nani.

Desturi yenyewe ina umri mkubwa kuliko blogu. Mwaka 1994 Denis Howe alibuni namna ya kuziunganisha kurasa kwa duara, na mwaka uliofuata Sage Weil, kijana wa Oregon, Marekani, akaanzisha Webring. Chini ya kila ukurasa wa kundi kulikuwa na kipande chenye viungo vya kwenda ukurasa uliotangulia au unaofuata, na aliyebofya bila kuchoka alirudi alikoanzia. Kila duara lilikuwa na msimamizi aliyepokea maombi, akakagua kama kipande kimewekwa inavyotakiwa, akamtoa aliyekiondoa. Wanablogu wa Kenya walitumia wazo hilohilo mwaka 2004, Daudi Were alipoanzisha duara la blogu za Kenya.

Biashara nayo haikuchelewa kuingia. Mwaka 1996 Tony Hsieh na Sanjay Madan walianzisha LinkExchange, huduma ya kubadilishana mabango ya matangazo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tovuti ikionyesha mabango ya wenzake mara mbili, bango lake lilionyeshwa kwingine mara moja. Nusu iliyobaki iliuzwa kwa watangazaji. Mwaka 1998 Microsoft iliinunua kwa dola milioni 265, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kuelekezana njia mtandaoni ni jambo lisilo na bei.

Neno “weblog” lilibuniwa na Jorn Barger Desemba 1997. Mwanzoni mwa 1999 orodha ya kurasa za aina hiyo, iliyokusanywa na Jesse James Garrett na kuchapishwa na Cameron Barrett kwenye ukurasa wake, ilikuwa na majina 23 tu. Mtu mmoja aliweza kuzisoma zote kwa siku. Agosti mwaka huohuo huduma ya Blogger ilifunguliwa, blogu zikafurika, na kazi ya kutunza orodha ikawa kazi kwelikweli. Kuongeza jina moja kulimaanisha kufungua kiolezo cha ukurasa na kuandika msimbo kwa mkono, na alama moja ikisahaulika ukurasa mzima uliweza kuvurugika. Mwaka 2002 ilikuja Blogrolling, huduma iliyomwezesha mwenye blogu kubandika msimbo mfupi mara moja, kisha kuongeza na kupunguza majina bila kugusa kiolezo tena.

WordPress, iliyotoka 2003, iliufanya utunzaji huo kuwa sehemu ya programu yenyewe. Kiungo kiliwekwa katika kundi lake, kikapewa maelezo na hata alama ya ubora. Zaidi ya hapo, kwa mfumo ulioitwa XFN, mwenye blogu aliweka vema kwenye visanduku vya uhusiano: rafiki, mtu aliyewahi kuonana naye ana kwa ana, mfanyakazi mwenza, jirani, ndugu, mzazi, hata mpenzi. Ujirani wa mtandaoni haujawahi kuandikwa kwa uangalifu kama huo.

Kwa blogu za Kiswahili safu ya pembeni ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu zilikuwa chache na zilitegemeana. Ndesanjo Macha, mwandishi wa safu magazetini, alikuwa miongoni mwa watangulizi kwa blogu yake ya Jikomboe. Mwaka 2005, mjini Helsinki, alimsaidia mpigapicha Issa Michuzi kufungua blogu iliyokuja kujulikana kila pembe ya Tanzania. Mwaka 2008 Blogger ilileta orodha inayojisasisha: kila jina likawa na kichwa cha makala mpya, na aliyeandika karibuni alipanda juu. Mvivu wa kuandika alijikuta mkiani bila kuondolewa na mtu.

Haki katika orodha hizo ilikuwa haba. Februari 2003 Clay Shirky alichapisha uchambuzi wa viungo vya blogu 433: blogu 50 za juu zilikuwa zimepokea nusu ya viungo vyote. Mwaka 2007 baadhi ya blogu kubwa za siasa za Marekani zilifagia orodha zao na kuwaacha wadogo nje. Waandishi waliojiita skippy na Jon Swift waliigeuza kumbukumbu ya ufagiaji huo kuwa siku ya kuwaunganisha wasomaji na blogu ndogo kuliko ya mwandishi mwenyewe. Lilikuwa jibu la kiungwana kuliko matusi.

Lakini kilichoiharibu desturi hii hasa ni thamani ya kiungo. Google, iliyoanzishwa 1998, ilihesabu kila kiungo kama kura, na kura ya ukurasa wenye sifa ikawa na uzito zaidi. Basi wakatokea watu wa kuomba viungo kwa barua pepe kwa mamia, wa kuviuza, na wa kujenga tovuti zisizo na kazi nyingine ila kuunganishana. Programu ziliundwa za kukagua kama mwenzako hajaondoa kiungo chako kimyakimya. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubali alama ya “nofollow”, inayompitisha msomaji bila kuhesabiwa kura. Miongozo ya Google ilikataza nipe nikupe iliyopita kiasi, na sasisho la Penguin la Aprili 2012 likazishusha tovuti zilizoishi kwa hila hizo. Wanablogu wengi wasio na hatia waliondoa orodha zao kwa hofu.

Wakati huo wasomaji walikuwa wameshahamia Facebook na Twitter. Desemba 2012 toleo la 3.5 la WordPress liliificha sehemu ya viungo kwa blogu mpya. Hata hivyo jedwali la hifadhidata lililotunza viungo hivyo halikufutwa: kila WordPress mpya inaposimikwa, jedwali la wp_links linaundwa pamoja na mengine, likiwa tupu.