Unataka Ndai ya Stima? Cheki Vile Ushuru Unapunguzwa Kenya

Umeona mtu online akisema ukinunua gari ya stima serikali inakurudishia doh. Buda, pole. Hiyo story ni ya majuu, na hata huko imeisha. Marekani walikuwa wanapunguziwa ushuru hadi dola 7,500 kwa gari mpya na dola 4,000 kwa iliyotumika, lakini mpango huo ulifungwa Septemba 30, 2025.

Kenya hakuna cash inarudi kwa simu yako. Punguzo lako linapatikana mahali pamoja: kwa hesabu ya ushuru gari ikiingia nchini.

Unasave wapi?

Ni kwa ushuru wa bidhaa. Tangu 2019, gari inayotumia stima peke yake inalipa asilimia 10. Ya petroli yenye injini isiyozidi 1500cc inalipa asilimia 20, na ikipita hapo ni 25. Zile injini kubwa sana zinafika 35.

Tupige hesabu

Tuseme ndai mbili, moja ya stima na moja ya petroli ya 1800cc. Zote zimefika milioni 2 ukishaweka ushuru wa forodha.

- Petroli: ushuru wa bidhaa 500,000, VAT ya asilimia 16 ni 400,000. Jumla 900,000.
- Stima: ushuru wa bidhaa 200,000, VAT 352,000. Jumla 552,000.

Hapo umeokoa 348,000. Lakini umeona? VAT bado unalipa. Ushuru wa forodha na zile ada zingine za bandari pia ziko. Kwa hivyo dealer akikuambia gari ya stima "haina ushuru", muulize akuonyeshe karatasi za KRA kabla hujatoa deposit.

Na nduthi?

Watu wa nduthi ndio walibahatika. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa nduthi za stima kwa ushuru wa bidhaa, na VAT yake ikawekwa asilimia 0, pamoja na ya baiskeli na mabasi ya stima. Ndio maana ukisaka kazi ya boda, hapa ndipo pa kuanza kuangalia.

Usichanganye hizi mbili

VAT ya asilimia 0 na kusamehewa VAT si kitu moja. Ikiwa 0, muuzaji anarudishiwa VAT aliyolipa kwa spea na gharama zingine. Ikisamehewa, harudishiwi, na hiyo gharama anaiweka kwa bei yako. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza nduthi na mabasi ya stima yahamishwe kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Neno moja tu kwa sheria, na mfuko wako unaskia.

Kabla ulipe

Sheria ya Fedha huanza kazi Julai 1 karibu kila mwaka, so hesabu ya mwaka jana usiitumie leo. Gari iliyotumika isipite miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Pia pima afya ya betri, juu betri ikichoka hiyo laki tatu na nusu yote inaweza kuishia hapo.

Ukishanunua, kuna bei ya stima ya kuchaji magari iliyowekwa 2023, na saa za usiku ni nusu ya mchana. Kwa hivyo chaji ukiwa umelala.